Kikokotoo na askari polisi: piga hesabu ya mafao yako ungali kazini

Kaka yangu ni sajenti. Siku moja nilimkuta kota ameshusha kalenda ya benki ukutani, ameigeuza, na nyuma yake amechora ramani ya nyumba: vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani. Pembeni aliorodhesha tofali, nondo, saruji, bati. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, aliandika "mkupuo 49.6m", yaani milioni 49.6 za kulipwa kwa mara moja akistaafu. Nikamuuliza namba hiyo kaitoa wapi. Akasema kaipata kwa afande mmoja wa cheo kama chake, mwenye miaka 30 ya utumishi kama yeye atakavyokuwa. Afande huyo alistaafu 2017.

Tangu 2017 kanuni ya kukokotoa mafao, ile inayoitwa kikokotoo, imeguswa zaidi ya mara moja, na kila ilipoguswa, ile nyumba ya nyuma ya kalenda ilipungua chumba. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyokaa nayo na kaka jioni ile na nyingine mbili zilizofuata. Ni kwa askari wa Jeshi la Polisi Tanzania aliyeko kazini, awe konstebo wa miaka mitano au mkaguzi aliyebakiza miaka miwili. Utahitaji slipu ya mshahara, barua yako ya ajira na simu yenye kikokotoo, yaani kile cha kujumlisha na kutoa.

Hatua ya 1: Jua fedha yako iko wapi

Kabla ya Julai 1999, mtumishi wa serikali kuu hakukatwa kitu kwa ajili ya pensheni. Alipostaafu, Hazina ilimlipa. Kisha ukaja mfuko wa PSPF na makato yakaanza. Tarehe 1 Agosti 2018, chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka huo, PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa zikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. NSSF ikabaki kwa sekta binafsi.

Askari polisi yumo PSSSF. Unakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 15, jumla 20. Na usijilinganishe na jirani yako wa JWTZ, hata kama mlikula kwata mwaka mmoja. Pensheni yake inatoka Hazina na haihusiani na mfuko huu. Nusu ya ubishi wa kwenye vijiwe vya kahawa karibu na kambi ungeisha kama watu wangelijua hili.

Kwa nini kanuni ilibanwa? Sababu kubwa ni ile miaka ya kabla ya 1999. PSPF ililazimika kuwalipa wastaafu pensheni kamili, ikiwemo ya miaka ambayo hakuna aliyeichangia, wakati deni hilo ni la Serikali. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hati fungani maalumu za takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Sisemi haya ili mtu afurahie makato. Ila ukijua shimo lilichimbwa wapi, utaacha kumgombeza karani wa mafao ambaye hakulichimba.

Hatua ya 2: Shika namba tatu, mengine ni kelele

Watu wanaposema "kikokotoo" huwa wanafikiria asilimia tu. Kumbe ndani yake mna namba tatu, na zote tatu zilibadilika.

Ya kwanza ni kigawanyo, namba inayogawa miezi ya utumishi mara mshahara wa mwaka. PSPF ilitumia 1/540. Sasa ni 1/580. Kigawanyo kikikua, pensheni yote inapungua kabla hata hujaikata mkupuo. Hii ndiyo inayosahaulika, kwa sababu hakuna aliyeimbia wimbo.

Ya pili ni kizidisho cha mkupuo. Kilikuwa 15.5, sasa ni 12.5. Maana yake ni hii: kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayokubali kuiacha, mfuko unakulipa shilingi 12.5 papo hapo. Zamani ulilipwa 15.5.

Ya tatu ndiyo asilimia ya mkupuo. Wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wakichukua asilimia 50 kwa mkupuo na nusu nyingine kwa pensheni ya kila mwezi. Wa NSSF na PPF walichukua 25. Kanuni za 2018 zilitaka wote wawe 25. Watumishi wakapiga kelele, na mwishoni mwa Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha na kuagiza kanuni za zamani ziendelee kwa muda. Tarehe 1 Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33 kwa wote. Kisha katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikapandisha tena: waliokuwa kundi la 50 wakatoka 33 kwenda 40, na waliokuwa kundi la 25 wakatoka 33 kwenda 35.

Askari aliyekuwa PSPF kabla ya mifuko kuunganishwa yuko kundi la 40. Uliyeajiriwa baada ya Agosti 2018, andika barua kwa mfuko uulize kundi lako na utunze jibu. Neno la mdomo la dirishani halitakusaidia miaka 25 ijayo.

Angalia jambo moja: bajeti ya 2024 iligusa asilimia peke yake. Kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5 vilibaki palepale. Kwa hiyo anayekuambia "zimerudishwa karibu zote, kutoka 50 mpaka 40" hajapiga hesabu.

Hatua ya 3: Sasa piga hesabu

Tuchukue mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 360, yaani miaka 30 kamili. Mshahara nimeuweka sawa pande zote ili tofauti itakayoonekana iwe ya kanuni tu.

Mshahara wa mwaka ni 800,000 mara 12, sawa na 9,600,000.

Kwa kanuni ya zamani: 360 mara 9,600,000 gawanya kwa 540 unapata 6,400,000. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake, 3,200,000, izidishe kwa 15.5 upate mkupuo wa 49,600,000. Hii ndiyo ile namba nyekundu ya kaka, herufi kwa herufi. Nusu iliyobaki igawe kwa 12: pensheni ya 266,667 kwa mwezi.

Kwa kanuni ya sasa: 360 mara 9,600,000 gawanya kwa 580 unapata 5,958,621. Asilimia 40 yake ni 2,383,448. Zidisha kwa 12.5, mkupuo ni 29,793,103. Asilimia 60 iliyobaki, gawanya kwa 12: pensheni ya 297,931 kwa mwezi.

Mkupuo umepungua kwa karibu milioni 19.8. Pensheni ya mwezi imepanda kwa shilingi 31,264. Ukitaka kurudisha milioni 19.8 kwa nyongeza ya 31,264 kila mwezi utasubiri miezi 633, zaidi ya miaka 52. Kwa aliyestaafu na miaka 60, hiyo ni kufika 112. Kaka alicheka, kisha akanyamaza.

Nasema wazi kwa sababu maelezo mengi huishia kwenye "pensheni ya mwezi imeongezeka, kwa hiyo mstaafu amefaidika". Imeongezeka kweli. Ila kwa askari wa kundi hili jumla imepungua, na ni heri ulijue sasa unapoweza kufanya kitu.

Ulinganisho wa pili una sura nyingine. Kati ya 33 na 40, kwa mshahara uleule, asilimia 33 ingekupa mkupuo wa 24,579,310 na pensheni ya 332,690. Asilimia 40 inakuongezea mkupuo milioni 5.2 na kukupunguzia mwezi shilingi 34,759. Ugawe uone: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, ambayo ndiyo ile 12.5 ya kwenye kanuni. Ukiishi zaidi ya hapo baada ya kustaafu, 33 ingekulipa zaidi. Ukiishi chini ya hapo, 40 imekufaa. Hili la mwaka 2024 halikuwa zawadi kama wengine walivyolishangilia, wala halikuwa hila. Ni fedha yako ileile iliyosogezwa mbele.

Kwa asiyetaka kuhangaika na vigawanyo, hii ni njia ya mkato kwa miaka 30 na asilimia 40: kila laki moja ya mshahara inakuletea mkupuo wa takriban milioni 3.72 na pensheni ya takriban 37,240 kwa mwezi. Una mshahara wa laki sita na nusu? Zidisha kwa 6.5. Kama miaka yako ni 25, chukua jibu, zidisha kwa 25, gawanya kwa 30.

Hatua ya 4: Hakikisha unaweka mshahara sahihi

Hapa ndipo askari wengi wanajidanganya. Wanaangalia fedha inayoingia benki mwisho wa mwezi, pamoja na posho ya chakula na nyinginezo, wanaiweka kwenye hesabu. Pensheni inahesabiwa kwa mshahara uliokatiwa mchango. Posho haimo. Chukua slipu, tafuta makato ya PSSSF, yazidishe kwa 20. Asilimia 5 mara 20 ni mia. Jibu ndilo mshahara wako mbele ya mfuko. Kama makato ni 40,000, mshahara ni 800,000, hata kama benki inaingia milioni na ushee.

Kisha, mshahara unaotumika ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwa aliyezoea kungoja cheo cha mwishomwisho hili ni zito. Tuseme miaka miwili ulikuwa 700,000 na mwaka wa mwisho ukapandishwa cheo hadi 850,000. Wastani ni 750,000, na hiyo ndiyo itakayoingia kwenye kanuni. Nyongeza ya 150,000 imekuingizia 50,000 tu.

Kwa hiyo cheo kinachocheleweshwa hakiumizi slipu ya mwezi huu peke yake. Kama umepandishwa na mshahara mpya haujasomeka, fuatilia mapema kwa maandishi, maana unatakiwa uwe na miaka mitatu nao kabla ya kutoka.

Hatua ya 5: Kagua michango mwezi kwa mwezi

Taarifa ya michango unaipata kwenye simu kupitia PSSSF Kiganjani, au ofisi ya mfuko ya mkoa. Usiangalie jumla ya chini tu. Kaa chini na kalamu, pitia kila mwaka uone kama una miezi 12.

Kaka alikuwa na matundu mawili. Moja miezi minne, alipohamishwa mkoa mmoja kwenda mwingine. Jingine miezi mitano ambayo hata yeye hakuikumbuka. Miezi tisa inaonekana midogo mpaka uiweke kwenye kanuni. Kwa mshahara wa 800,000, mwaka mmoja unaokosekana hukupunguzia karibu 993,000 za mkupuo na 9,931 za kila mwezi mpaka unaingia kaburini.

Ukikuta tundu, usianzie kwenye mfuko. Anzia kwenye slipu za miezi hiyo. Kama slipu inaonyesha ulikatwa, una ushahidi kwamba fedha ilitoka kwako. Peleka nakala kwa mhasibu na ofisi ya utumishi kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, upate barua, ndipo uende nayo PSSSF. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama slipu inaonyesha hukukatwa, basi kosa liko kwenye malipo ya mshahara na barua inaelekea huko. Slipu za zamani zikiwa zimepotea, taarifa ya benki husaidia kuonyesha mshahara uliingia, ingawa haionyeshi makato.

Uliyeajiriwa kabla ya Julai 1999, kwako barua ya ajira ya kwanza ni dhahabu, maana miezi ile haimo kwenye taarifa ya michango na inathibitishwa kwa karatasi. Na anayefikiria kuacha kazi mapema akumbuke kizingiti cha miezi 180. Chini ya miaka 15 ya kuchangia hupati pensheni ya kila mwezi.

Hatua ya 6: Majina, tarehe, wategemezi

Hili nitalipitia haraka kwa sababu halina hesabu, lakini ndilo linalochelewesha watu wengi. Jina la kwenye barua ya ajira, NIDA, akaunti ya benki na PSSSF liwe moja, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Kurekebisha ukiwa na sare ni usumbufu wa wiki kadhaa. Kurekebisha baada ya kuivua ni nauli juu ya nauli, na mshahara umekatika.

Wategemezi uwaandikishe wote, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwepo nyumbani mahali ambapo mwenzako anapajua. Kazi ya askari mnaijua wenyewe. Una mtoto wa nje? Mwandikishe pia, usiwaachie wenye msiba ugomvi.

Hatua ya 7: Nyumba isingoje mkupuo

Hapa ndipo mabadiliko haya yanapomgusa askari kuliko mwalimu au nesi. Walimu wengi wamejenga au wamepanga uraiani. Askari anaishi kota, anahamishwa leo Mtwara kesho Kigoma, kiwanja alichonunua Morogoro hakioni kwa miaka sita. Kwa mazoea, mkupuo ndio uliokuwa nyumba: unastaafu, unapokea, unajenga, unahama kota. Kwa asilimia 50 na kizidisho cha 15.5 mpango huo ulikuwa na mantiki. Kwa milioni 29.8 hautoshi, na bei ya bati haikungojei.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Jenga kidogokidogo kwa mshahara, mkupuo uje kumalizia. Kaka alipopiga upya, aliifuta sebule kubwa na kugawa kazi vipande vitatu: msingi na kuta kwa akiba na mkopo wa SACCOS wa miaka minne akiwa kazini, paa kabla ya mwaka wa mwisho, na mkupuo ubaki kwa milango, umeme, maji na mtaji wa kuku.

Mikopo uiangalie kwa macho mawili. Panga marejesho ya mwisho yaishe angalau miezi sita kabla ya tarehe ya kustaafu. Ukikopa ukitegemea "nitalipa kwa mkupuo", umekopa kwa namba nyekundu ya nyuma ya kalenda. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usiiguse kabisa mwaka wa mwisho. Wakopeshaji wake wanajua tarehe yako ya kustaafu kuliko mke wako.

Pensheni ya mwezi nayo iwekee bajeti yake. Leo unapokea mshahara na posho, na kota hulipi kodi ya nyumba. Kesho una 297,931 bila posho wala kota. Jaribu mwezi mmoja sasa kuishi kwa kiasi hicho na zilizobaki uziweke akiba. Shemeji yangu, mke wa sajenti, ndiye aliyependekeza jaribio hilo, na ndiye aliyelilalamikia wiki ya pili. Wiki ya nne walikuwa na fedha ya tofali mia nne.

Kwa jamaa wa upande wa Kenya

Msome hesabu hii kwa tahadhari, maana ya kwenu ni aina nyingine. Tangu Januari 2021, polisi aliyekuwa chini ya miaka 45 aliingizwa kwenye mpango wa kuchangia wa utumishi wa umma: asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 7.5 kuanzia wa tatu, na serikali 15. Huko mwisho wa safari hutazamwi miezi na mshahara wa mwisho. Unaangaliwa mfuko wako binafsi umejaa kiasi gani, na mkupuo hauzidi theluthi. Miaka ya kabla ya 2021 inahesabiwa kando kwa sheria ya zamani. Kwa hiyo swali lenu la kwanza ni kama zile 15 za serikali zimefika kwenye akaunti yako kila mwezi.

Hatua ya 8: Mwaka wa mwisho

Miezi 12 kabla ya kutoka, rudia hesabu yote kwa mshahara halisi na uandike jibu kwenye karatasi. Siku utakapopewa hesabu ya mfuko, weka karatasi mbili bega kwa bega. Zikitofautiana, uliza namba ipi kati ya tano haikubaliani: miezi, wastani wa mshahara, 580, 12.5 au asilimia ya mkupuo. Swali la namna hiyo hujibiwa. "Mbona ndogo?" haijibiwi.

Faili liwe na barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa vyeo, slipu ya mwisho, NIDA, vyeti vya familia na namba ya akaunti. Akaunti iwe hai na yako peke yako. Mtu akikupigia simu akisema anafanya kazi mfuko na anaweza kuharakisha faili lako kwa "hela ya karatasi", kata simu. Umekamata matapeli miaka 30, usije ukawa shahidi wa upande wa mlalamikaji.

Ukishaanza kupokea, usikose uhakiki wa wastaafu. Asiyehakikiwa pensheni husimamishwa mpaka ajitokeze.

Kalenda ya kaka imerudi ukutani, imegeuzwa upande wa tarehe. Ramani mpya iko kwenye daftari la mtoto la hesabu: vyumba viwili, sebule ndogo, na nguzo za nondo zimeachwa zikichomoza upande wa mashariki.